Barua ya wazi: pimeni udongo kabla ya kumlaumu ng'ombe

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya mifugo;
Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi;
Wakurugenzi Watendaji wa halmashauri za wilaya zenye nyanda za malisho.

YAH: RAMANI ZA TABIA ZA UDONGO KATIKA NYANDA ZA MALISHO

Waheshimiwa,

Kwenye ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, malisho hupakwa rangi moja ya kijani. Ndani ya kijani hicho huandikwa ukubwa wa eneo, kisha hekta zinazohitajika kwa kila uniti ya mifugo (kipimo kinacholinganisha mifugo ya aina mbalimbali), kisha idadi ya ng'ombe wanaoruhusiwa, na hesabu imefungwa. Panapoonekana peupe pasipo na nyasi, taarifa huandika "uharibifu kutokana na mifugo mingi". Hesabu hiyo inachukulia kwamba hekta moja ni sawa na nyingine. Si kweli, na kwa wilaya kama Kishapu mkoani Shinyanga na Meatu mkoani Simiyu si kweli hata ndani ya umbali ambao mluzi wa mchungaji unasikika.

Tunawaandikia sisi tunaofanya kazi na udongo na malisho. Hoja yetu ni moja: pasipo ramani ya udongo hakuna anayeweza kutenganisha kilichofanywa na kwato na kilichokuwepo kabla ya kwato. Amri za kupunguza mifugo, kuhamisha watu, kuchimba malambo na kupanda nyasi zinatolewa kila mwaka, na utengano huo haujafanyika.

Wasukuma wana jina kwa kila hatua ya mteremko. Juu, karibu na miamba ya graniti, ni luseni, mchanga mwepesi unaokunywa mvua. Chini yake kuna itogolo, mchanga kidogo juu ya tabaka gumu. Bondeni ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, akiwa kituo cha utafiti cha Amani mkoani Tanga, aliupa mfuatano wa namna hiyo jina la katena, na sasa neno hilo limo katika vitabu vya udongo duniani kote. Dhana ilizaliwa hapa nchini, lakini malisho yetu yanapangwa kana kwamba bado haijazaliwa. Ramani ya udongo ya nchi nzima ya mwaka 1984 ni ya skeli ya 1:2,000,000, yaani milimita moja ya karatasi ni kilomita mbili za ardhi. Mteremko mzima kutoka luseni hadi mbuga mara nyingi ni mfupi kuliko hapo, kwa hiyo unamezwa na unene wa kalamu. Walioichora hawana kosa, maana hawakuichora kwa kugawia malisho ya kijiji.

Chukueni sururu mchimbe itogolo mwezi wa Septemba. Sentimita 20 au 25 za juu ni mchanga wa kijivu unaochimbika kwa urahisi. Kisha sururu inadunda. Mkifagia mchanga kwa mkono mtaona vichwa vya mviringo vimepangana kama mikate ndani ya tanuri. Hizo ni nguzo za mfinyanzi wenye sodiamu, na kisu hakiingii. Mvunje kipande cha ukubwa wa harage, mkidumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua bila kukoroga. Baada ya saa chache maji yanaanza kugeuka kama maziwa kuzunguka kipande hicho, kwa kuwa chembe za mfinyanzi zimeachana zenyewe. Mvua ikinyesha juu ya udongo kama huo, chembe hizo huziba matundu, na jua likitoka uso unakauka na kuwa gamba gumu kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Mbegu ya nyasi haipenyi. Pale pangekuwa peupe hata kama ng'ombe wasingepita miaka mingi.

Sasa tazameni maji, kwa sababu nyasi ni maji yaliyobaki ardhini. Mchanga hubeba takriban milimita 70 za maji yanayoweza kunywewa na mizizi katika kila mita ya kina. Tifutifu nzuri hubeba karibu milimita 150, na mbuga milimita 120 hadi 150, kwani sehemu kubwa ya maji yake hushikwa na mfinyanzi kwa nguvu kuliko mizizi inavyoweza kuvuta. Itogolo yenye sentimita 25 za mchanga juu ya tabaka gumu hubeba milimita 18 tu. Nyasi zikitumia milimita 5 kwa siku, itogolo inaisha kabla ya siku nne baada ya mvua, luseni ya mita moja inafika wiki mbili, na mbuga inakaribia mwezi. Siku halisi huwa nyingi zaidi, maana nyasi hupunguza matumizi maji yakipungua, lakini uwiano unabaki uleule. Mpango unaozipa hekta hizo tatu uzito sawa umekosea zaidi ya mara sita kabla ya kumhesabu ng'ombe hata mmoja.

Kwa hiyo ramani tunayoiomba ina tabaka mbili. Ya kwanza ni ya tabia zisizobadilika: uwiano wa mchanga, mchangatope (chembe laini kuliko mchanga) na mfinyanzi, kina hadi mwamba au tabaka gumu, na wingi wa mawe. Hiyo hupimwa mara moja na kutumika kwa kizazi kizima. Ya pili ni ya tabia zinazobadilika kwa matumizi: mshindilio, yaani jinsi udongo ulivyobanana, gamba la juu, na kasi ya maji kuzama. Hii ndiyo inayosema kwato zimefanya nini, lakini haina maana mpaka isomwe juu ya ile ya kwanza. Kulinganisha maji yanavyozama kwenye itogolo inayochungiwa na luseni iliyofungwa ni kulinganisha mbuzi na kuku. Shinyanga na Simiyu zina bahati ya kuwa na ngitili, maeneo ya nyasi yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Chagueni ngitili ya miaka mingi iliyo juu ya luseni, mkaipime pamoja na luseni inayochungiwa mwaka mzima. Fanyeni vivyo hivyo kwa mbuga na kwa itogolo. Tofauti itakayoonekana ndani ya udongo wa aina moja ndiyo deni la mifugo, na inayobaki ni ya ardhi yenyewe. Umasaini alalili, malisho yanayotengwa kwa ajili ya ndama, yanaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Kuhusu mahali pa kupima. Kosa kubwa la kazi nyingi ni vituo vya kupimia kufuata barabara, na barabara hupita juu ya mgongo wa ardhi ili isizame, kwa hiyo mbuga na itogolo hukosekana kwenye takwimu. ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto kilichoko Nairobi, ina mfumo mzuri wa kipande cha kilomita 10 kwa 10 chenye makundi 16 ya viwanja 10, jumla 160. Unafaa kwa picha ya wilaya au mkoa. Kwa malisho ya kijiji kimoja, tuseme hekta 3,000, tunapendekeza mistari sita ya kilomita mbili, kila mmoja ukikata mteremko kutoka juu hadi bondeni, na kituo kila mita 200. Hivyo ni vituo 66. Katika theluthi moja ya vituo hivyo, yaani 22, ongezeni vituo jirani viwili, kimoja mita 10 na kingine mita 50. Jumla inakuwa 110.

Majirani hao huonekana kama upotevu wa muda, na ndio wa kwanza kukatwa bajeti ikibana. Msiwakate. Wao ndio wanaoonyesha udongo unabadilika kwa umbali gani. Ikiwa tofauti kati ya vituo vilivyoachana mita 10 ni kubwa kama ya vituo vilivyoachana mita 200, basi ramani laini yenye rangi nzuri ni uongo, na ni bora kutoa wastani wa kila sehemu ya mteremko pamoja na kiasi cha kutofautiana kwake. Hesabu hiyo huitwa variogramu, na chini ya vituo mia moja haiaminiki. Vinavyobadilisha udongo ghafla kwa umbali mfupi ni viwili: vichuguu na mahame. Kichuguu huleta mfinyanzi juu kutoka chini, na hame la boma huwa na samadi iliyokaa miongo mingi, udongo mwepesi na nyasi za kijani wakati kote kumekauka. Vyote viwekwe kwenye ramani kwa alama yake, kwa kuwa mifugo huvipenda, lakini visiingizwe kwenye wastani wa eneo.

Katika kila kituo ingizeni kekee ya udongo hadi mita moja au hadi inapokwama. Andikeni kina ilipokwama na sababu: jiwe, mwamba, au tabaka gumu. Kwa jiwe, sogeeni hatua mbili mjaribu tena, mara tatu, kabla ya kuandika kwamba udongo ni mfupi. Kila sentimita 20 chukueni udongo kidogo, mloweshe, mkande, kisha mwusukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Utepe unaokatika kabla ya sentimita 2.5 ni wa tifutifu, unaozidi sentimita 5 ni wa mfinyanzi, na usiotoka kabisa ni wa mchanga. Ni bure, na mchungaji aliyeonyeshwa asubuhi anaufanya vizuri ikifika mchana.

Mshindilio unahitaji pete za chuma za sentimita za ujazo 100, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya. Kata nyasi kwa mkasi, usizing'oe, kwani mizizi ikitoka inafumua udongo. Weka kipande cha mbao juu ya pete kabla ya kugonga kwa nyundo, na ugonge kwa upole hadi ukingo ulingane na ardhi. Ukiona udongo ndani ya pete umeshuka chini ya usawa wa nje, umeushindilia mwenyewe, utupe. Chimbua pembeni, toa pete nzima, lainisha pande zote mbili kwa kisu, kausha kwa nyuzi 105 kwa saa 24, kisha pima. Gramu 156 ndani ya pete ya 100 ni gramu 1.56 kwa kila sentimita ya ujazo. Lakini chekecha kwanza kwenye chekeche la milimita 2. Kama ndani mna gramu 26.5 za kokoto, hizo zimechukua sentimita 10 za ujazo, kwa hiyo udongo wenyewe ni gramu 129.5 katika sentimita 90, yaani 1.44. Kwa mfinyanzi, mizizi huanza kushindwa karibu na 1.47. Kokoto chache zimegeuza udongo wenye afya kuwa mgonjwa kwenye karatasi. Kwa mchanga 1.56 ni kawaida kabisa, maana mizizi ya mchangani haibanwi hadi karibu na 1.8. Ndiyo sababu namba ya mshindilio isiyoambatana na aina ya udongo haifai kuingia kwenye taarifa yoyote.

Halafu kina. Kwato za ng'ombe hushindilia zaidi sentimita 5 hadi 10 za juu. Sampuli iliyochanganywa kutoka 0 hadi 20 huficha jambo hilo. Pigeni pete moja kwenye 0 hadi 5 na nyingine kwenye 15 hadi 20. Juu pakiwa pamebana kuliko chini kwenye udongo uleule, ni kwato, na pakipumzishwa hupona. Pote pakibana sawa, au chini kukizidi, kuwaondoa ng'ombe hakutabadilisha kitu. Pete zipigwe wiki moja au mbili baada ya mvua, ardhi ikiwa na unyevu. Mbuga hasa husinyaa ikikauka, na namba yake ya Septemba haiwezi kulinganishwa na ya Aprili.

Kasi ya maji kuzama ndicho kipimo chenye gharama, kwa sababu ya maji. Pete mbili, ya ndani sentimita 30 na ya nje 60, zikizamishwa sentimita 5 hadi 10 ardhini, hutumia karibu lita 2.8 kwa kila sentimita ya maji. Kwenye luseni inayozamisha milimita 100 kwa saa, kwa muda wa saa mbili pamoja na kimo cha sentimita 10 cha kuanzia, mtamimina lita 85. Hayo ni madumu manne ya lita 20 na ziada, kwa kituo kimoja, mahali ambapo kisima kiko kilomita nane. Pangeni punda au mkokoteni tangu mwanzo, la sivyo timu itapima karibu na lambo peke yake. Pete moja ya sentimita 16 huokoa maji mengi lakini maji hukimbilia pembeni na namba hupanda. Inakubalika kwa kulinganisha kituo na kituo, ila isiandikwe kama kasi halisi.

Na ni maji gani? Maji ya kisima yenye chumvi hushikanisha mfinyanzi, hivyo itogolo itaonekana inakunywa vizuri ilhali mvua haitaipenya. Maji ya lambo yenye tope nayo huziba uso ndani ya dakika kumi. Tumieni ya mvua, au ya lambo yaliyotulia usiku kucha na kumiminwa taratibu bila masimbi. Kwenye mbuga kavu msipime kabisa. Maji huingia kwenye ufa na kupotea, na mtaandika kasi ya ajabu kwa udongo ambao ukilowa huziba karibu wote. Vituo 12 vya kipimo hiki na 30 vya pete ndogo za mshindilio vinatosha kwa hekta 3,000, mradi vigawanywe kwa aina za udongo na ngitili isisahaulike. Timu mbili za watu watatu watatu humaliza kila kitu kwa siku kumi hadi kumi na mbili.

Maabara wana mtego wao. Haidromita, kifaa kinachokadiria mchanga na mfinyanzi kwa jinsi chembe zinavyozama majini, husoma vizuri kama chembe zimeachana. Udongo wenye chokaa au majivu ya volkano hubaki na vidonge vilivyogandamana, vikazama upesi, na jibu likarudi "kichanga" wakati utepe mkononi ulikuwa wa sentimita sita. Ikitokea hivyo, aminini mkono. Rudisheni sampuli, iondolewe chokaa kwa asidi hafifu, ilale usiku kucha kwenye heksametafosfeti ya sodiamu, dawa ya kuachanisha chembe, ndipo isomwe upya. Jambo hili linahusu sana tambarare za Ngorongoro na kusini mashariki mwa Serengeti, ambako majivu ya Kerimasi na Oldoinyo Lengai yameacha tabaka gumu la chokaa karibu na uso na nyasi fupi juu yake. Tabaka hilo si ndugu wa itogolo. Tone la asidi hulitoa povu, na lilikuwepo kabla ya boma lolote. Ufupi wa nyasi pale si ushahidi dhidi ya mtu.

Tunajua mtauliza: setilaiti je? Ramani za kidijitali za udongo za iSDA za mwaka 2021 zina pikseli za mita 30 kwa Afrika nzima, na zile za dunia nzima ziitwazo SoilGrids mita 250. Zitumieni, lakini kama rasimu. Pikseli ya mita 30 ni ukubwa wa mraba kwenye skrini. Ujuzi uliomo ndani yake unatoka kwenye vituo vilivyochimbwa, na kwenye malisho vituo hivyo ni haba. Ramani ya iSDA hutoa tabaka mbili, sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 50, kwa hiyo tabaka gumu linaloanza sentimita 25 linayeyuka ndani ya wastani. Kutoka angani, itogolo tupu na uwanja wa mnada uliokanyagwa hung'aa sawa. Tengeni vituo 20 kati ya vile 110 visitumike kuchora, kisha muone ramani inavikosea kwa kiasi gani. Kuipokea ramani bila hilo ni kununua mbuzi ndani ya gunia.

Faida yake itaonekana kwanza kwenye malambo. Itogolo huwavutia wachimbaji kwa kuwa maji hayazami. Lakini tuta likijengwa kwa mfinyanzi ule wenye sodiamu, maji hulitoboa kwa ndani, leo tundu la kalamu, wiki ijayo la mkono, na mvua kubwa ya kwanza inalikata. Jaribio la glasi tulilolieleza juu, likifanywa kwenye mashimo matano ya eneo la mradi kabla ya mkandarasi kusaini, lingeokoa fedha nyingi. Pale ambapo hakuna mahali pengine, udongo wa tuta uchanganywe na jasi, kama inayochimbwa Makanya wilayani Same, na ushindiliwe ukiwa na unyevu wa kutosha. Kwa ratiba ya kuchunga, luseni ichungiwe mvua zinapoanza na mbuga iachwe hadi ikauke, kwani kwato kwenye mbuga iliyolowa huacha mashimo yanayogeuka matofali. Mbegu za nyasi za malisho za Cenchrus ciliaris zipelekwe kwenye kichanga na tifutifu. Hazipendi maji yanayotuama, na kuzimwaga mbugani ni kulisha ndege. Makinga maji ya nusu mwezi yachimbwe kwenye miteremko yenye gamba. Kwenye mbuga inayopasuka, tuta lake hupasuka nayo.

Tunayoyaomba ni machache. Mwongozo wa mipango chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 uweke upimaji wa udongo kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha mipaka ya malisho, na maeneo yanayotengwa chini ya Sheria ya Nyanda za Malisho ya 2010 yafuate utaratibu huohuo. Majina ya wenyeji, luseni, itogolo, mbuga, na yale ya Kimaasai kwa Kimaasai, yaandikwe kwenye ufunguo wa ramani, maana ndiyo yatakayosomwa na kamati ya malisho. Takwimu za vituo, si picha ya ramani pekee, zibaki ofisi ya kijiji na nakala iende TARI Mlingano, kituo cha taifa cha utafiti wa udongo. Na hadi hapo, neno "uharibifu kutokana na mifugo mingi" lisiandikwe kwenye taarifa ya eneo lolote ambalo halijachimbwa hata shimo moja.

Vituo viwekewe alama za GPS na kigingi cha chuma, vipimwe tena baada ya miaka mitano, mwezi uleule, kwa pete zilezile.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wapimaji wa udongo na maafisa malisho

Nakala: Wenyeviti wa serikali za vijiji vya wafugaji